Fumba macho kwanza: somo la Birmingham juu ya vifaa vya darasani

Leo tunazungumzia jambo ambalo kila mwalimu wa madarasa ya chini analijua, na ambalo kila mzazi hulilipia: vifaa vya darasani. Tunakusudia karatasi, kalamu za rangi, chaki, gundi, mikasi, na udongo wa kufinyangia. Je, mtoto mdogo hufundishwaje kuvitumia kwa ubunifu, yaani atengeneze kitu kilicho chake mwenyewe, na wakati huo huo avitumie kwa uangalifu, yaani asivifuje wala asiviharibu?

Walimu wengi huyaona mambo hayo mawili kuwa hayaketi pamoja. Yuko mwalimu apendaye ubunifu. Huyu hugawa kila alicho nacho, na kipindi kinapokwisha sakafu imetapakaa vipande vya karatasi, chupa ya gundi imemwagika, na kalamu nyekundu zimetoweka zote. Na yuko mwalimu apendaye uangalifu. Huyu hufungia vifaa kabatini, ufunguo ukakaa kwa mwalimu mkuu, na boksi la rangi likatolewa siku ya wageni tu. Darasa la kwanza linafuja, la pili linaweka akiba isiyomfaa mtu. Katika yote mawili mtoto hajajifunza kutumia kitu.

Iko njia ya tatu, nayo ina historia ndefu. Ilikomazwa katika mji wa Birmingham, Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na baadaye ilivuka bahari hadi Makerere, ambako ilisaidia kuwalea baadhi ya wasanii wakubwa wa Afrika Mashariki. Kiini chake chaelezeka kwa maneno machache: kabla mtoto hajashika kifaa, na awe na picha moyoni.

Mji wa nibu

Birmingham ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza, nao uko bara, mbali na bahari. Jina lake lilijengwa na kazi za mikono. Mafundi wake walitengeneza vifungo vya nguo, bunduki, kufuli, vito vya dhahabu na fedha, na mengine mengi hata Waingereza wakauita mji wa ufundi elfu moja.

Miongoni mwa vitu hivyo kimoja kinaihusu shule moja kwa moja. Wazee wetu waliosoma enzi za vidau vya wino wanaikumbuka kalamu ya kuchovya, yenye mpini wa mti na nibu ya chuma. Katika karne ya 19 Birmingham ndiyo iliyokuwa kitovu cha utengenezaji wa nibu hizo duniani. Viwanda vyake, kikiwemo kile cha Joseph Gillott, vilizisambaza katika nchi nyingi, na wengi wa waliozikata, kuzikunja na kuzipasua ncha walikuwa wanawake na wasichana. Mwaka 2001 lilifunguliwa katika mtaa wa masonara wa Birmingham jumba dogo la makumbusho ya kalamu, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha nibu.

Nibu ilikuwa kifaa kigumu kwa mtoto. Ukiikandamiza, ncha yake iliyopasuliwa hufunguka na wino kuchuruzika. Ukiipapasa kwa wepesi mno, haiandiki. Ukiichovya hadi shingoni, ukurasa unachafuka. Kwa hiyo kifaa chenyewe kilikuwa mwalimu, nacho hakikuhitaji fimbo: kilimwonyesha mtoto papo hapo kwamba kila kitu kina tabia yake, na kwamba anayetaka kukitumia sharti kwanza akijue. Hilo ndilo somo la kwanza la uangalifu. Hata hivyo, nibu haikumfundisha mtoto aandike nini. Kwa somo hilo la pili, yatubidi tuingie katika chuo kimoja cha sanaa cha mji huo huo.

Kunakili kwa miezi

Mwaka 1885, katika barabara ya Margaret, katikati ya Birmingham, lilifunguliwa jengo la matofali mekundu lenye nakshi za maua na majani. Hicho ndicho Chuo cha Sanaa cha Birmingham, nacho kilikuwa cha kwanza nchini Uingereza kuendeshwa na halmashauri ya mji. Mkuu wake alikuwa Edward Taylor, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1877.

Wakati huo vyuo vya sanaa vya Uingereza vilifuata mafunzo yaliyopangwa London. Mwanafunzi aliwekwa mbele ya sanamu ya plasta, akaamriwa kuinakili kwa penseli na chaki, akitia kivuli nukta kwa nukta, na mchoro mmoja uliweza kumla majuma au hata miezi. Mwisho wake alikuwa na mkono mtulivu sana. Lakini ukimwambia abuni birika, angeweza kuchora birika zuri lisiloweza kufuliwa na fundi yeyote, kwa kuwa hakuwahi kushika shaba wala kujua shaba inakubali nini na inakataa nini.

Katika mji wa mafundi kasoro hiyo ilionekana upesi. Taylor akaleta badiliko ambalo leo laonekana dogo, ingawa kwa wakati ule lilikuwa kubwa: mwanafunzi abunipo kitu na akitengeneze. Akitaka nakshi ya mti na ashike patasi. Akitaka kikombe na ashike nyundo. Chuoni kukawekwa vyumba vya kazi ambamo mchoro ulijaribiwa kwa chuma, mti na rangi za kuchoma. Mwanafunzi aliyeharibu kipande cha fedha hakuhitaji kuambiwa thamani yake.

Macho hayana pazia

Taylor aliondoka mwaka 1903, na mahali pake pakachukuliwa na Robert Catterson-Smith. Huyu alikuwa amefanya kazi na William Morris, bingwa wa ufundi na uchapaji, na kabla ya kuhamia chuoni alikuwa akiongoza shule ya masonara ya Birmingham. Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: mwanafunzi amepewa vifaa vizuri, na mkono wake umefundishwa, lakini anaketi mbele ya karatasi nyeupe akitafuta kitu cha kunakili. Kwa nini?

Jibu lake lilikuwa kwamba mwanafunzi amezoezwa mkono, lakini kumbukumbu yake haijazoezwa. Hivyo akabuni zoezi. Aliwaonyesha wanafunzi picha ukutani kwa taa ya kumulikia, kwa muda mfupi tu. Kisha picha iliondolewa. Wanafunzi wakafumba macho na kuchora walichokiona huku macho yamefumbwa, mkono ukienda wenyewe juu ya karatasi. Baada ya hapo walifumbua macho, wakauweka kando ule mchoro wa kwanza, na kuchora upya kutoka kichwani. Mwaka 1921 aliyaandika maarifa hayo katika kitabu juu ya kuchora kwa kumbukumbu.

Waswahili husema macho hayana pazia. Ni kweli, jicho huona kila linachoelekezwa. Lakini kuona kila kitu si sawa na kukihifadhi. Catterson-Smith aliwataka wanafunzi wake washushe pazia kwa makusudi, ili wajue ni kipi walichokiona hasa, na ni kipi walichodhani wamekiona. Mtu akijaribu kuchora mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa njia hii, hugundua kwa mshangao kwamba ameupita maelfu ya mara bila kujua bawaba ziko upande gani.

Msichana wa miaka 16

Miongoni mwa wanafunzi wa Catterson-Smith alikuwako msichana aliyeitwa Marion Richardson, aliyezaliwa mwaka 1892 na kuingia chuoni akiwa na umri wa miaka 16 kusomea ualimu. Mwaka 1912 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya wasichana ya Dudley, mji ulioko magharibi ya Birmingham. Dudley ulikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma. Eneo hilo lote Waingereza huliita Nchi Nyeusi, na wengi husema ni kwa sababu ya masizi na moshi wa viwanda.

Richardson aliichukua njia ya mwalimu wake akaigeuza. Hakuwa na haja ya picha ya ukutani. Aliwaambia wasichana wafumbe macho, naye akawasimulia kwa sauti jambo fulani: barabara yenye maduka wakati wa jioni, mwanga unaoangukia mawe yaliyolowa. Kila msichana alijitengenezea picha yake kutokana na maneno yale. Waliposhika brashi, kila mmoja alichora kitu tofauti na jirani yake, kwa sababu hapakuwa na kitu mbele yao cha kunakili. Mara nyingine aliwaacha wafumbe macho bila kuwasimulia lolote, wachore rangi na maumbo yaliyojitokeza yenyewe. Na aliwatuma kuwinda uzuri, yaani kutembea mjini mwao wakitafuta kitu kizuri cha kukumbuka, katika mji ambao wengi waliuhesabu kuwa hauna uzuri wowote.

Jambo jingine lilikuwa hukumu. Richardson hakutaka kazi ya mtoto ipimwe kwa alama tu. Aliwazoeza wasichana kuijadili na kuihukumu kazi yao wenyewe. Swali halikuwa kama mchoro unafanana na wa mwalimu. Swali lilikuwa kama unafanana na ile picha aliyoiona mwenye kuchora.

Mwaka 1917 Richardson alikwenda London akiwa na michoro ya wanafunzi wake. Huko alikutana na Roger Fry, mmoja wa wahakiki wa sanaa mashuhuri wa wakati huo, ambaye alivutiwa nayo hata akaiweka katika maonyesho. Baadaye Richardson alifundisha walimu jijini London, na tangu mwaka 1930 akawa mkaguzi wa somo la sanaa katika shule za jiji hilo. Mwaka 1935 alitoa vitabu vya kufundishia mwandiko ambamo mtoto huanza kwa mifumo ya mawimbi, matao na vitanzi, akiichora kwa furaha kabla ya kufika kwenye herufi. Alifariki dunia mwaka 1946. Nyaraka zake, pamoja na michoro mingi ya watoto, zimehifadhiwa katika mji uleule alikosomea, Birmingham.

Kwa nini fikra huokoa karatasi

Hapa, mpenzi msikilizaji, tutue kidogo tujiulize: kufumba macho kunahusiana nini na utunzaji wa vifaa?

Mtazame mtoto aliyepewa karatasi kabla hajajua anachotaka. Anaanza kuchora nyumba, kwa kuwa kila mtu huchora nyumba. Mstari unapinda, anafuta. Anafuta tena, karatasi inatoboka. Anaikunja, anaomba nyingine. Anamtupia jicho jirani, anaona gari, naye anaanza gari. Karatasi tatu zimekwenda, na mtoto hana kitu anachokipenda. Hakufuja kwa ukorofi. Amefuja kwa sababu alikuwa akitafuta wazo kwa kutumia karatasi, na karatasi haina wazo.

Sasa mtazame mtoto aliyekwisha kuiona picha yake. Anajua mnazi uko upande gani na bahari iko wapi. Anahitaji kijani kilichofifia, na katika boksi hakuna. Anachanganya. Anajaribu pembeni ya gazeti kuukuu kabla ya kugusa karatasi yake, kwa sababu sasa anayo sababu ya kutotaka kuiharibu. Mstari ukikosea, hatupi. Huutazama na kuugeuza kuwa tawi. Brashi huiosha kwa kuwa rangi chafu itaiharibu picha anayoijali. Hakuna aliyemhubiria utunzaji. Amevitunza vifaa kwa sababu vinatumikia kitu chake.

Kwa maneno mengine, ubunifu na uangalifu ni somo moja, na mlango wake ni ule ule. Mtoto hutunza kile alichokikusudia. Anayepewa kifaa bila kusudi atakichezea na kukitupa, au atakiogopa na kukiacha.

Kutoka Birmingham hadi Makerere

Mmoja wa waliofundishwa ualimu na Marion Richardson jijini London katika miaka ya 1920 alikuwa Margaret Trowell. Mwaka 1929 alikuja Kenya na mumewe aliyekuwa daktari, akaishi Ukambani na kutazama kwa karibu kazi za wachongaji na wafumaji wa huko. Mwaka 1935 walihamia Uganda. Na mwaka 1937, kwenye baraza ya nyumba yake, alianza kuwafundisha sanaa vijana wa Makerere. Darasa hilo la barazani ndilo lililokua likawa chuo cha sanaa cha Makerere, kilichokuja kuitwa kwa jina lake.

Barazani pale njia ilikuwa ile ya Dudley. Mwalimu anasimulia jambo la kijijini au kisa cha kale. Wanafunzi wanasikiliza, wanaliona moyoni, kisha ndipo wanachora. Na Trowell aliongeza jambo ambalo Dudley haikuwa nalo. Katika kitabu alichokitoa mwaka huo huo wa 1937, kilichokusudiwa shule za Afrika, alihimiza walimu wafundishe kwa vifaa vinavyopatikana jirani: udongo wa mfinyanzi, ukindu, majani na magome ya miti ya kutilia rangi. Vifaa hivyo havikuwa mbadala wa wanyonge waliokosa rangi za dukani. Kila kimoja kilikuwa na mafundi wake, watu waliojua msimu wa kuvuna na namna ya kukausha.

Matunda yalionekana. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro, alisoma Makerere na kisha London. Hata akiwa Ulaya alichora migomba, wavunaji, na watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, yote kutoka kichwani. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilinunua mchoro wake mmoja, na Tanganyika ilipopata uhuru yeye ndiye aliyekuwa balozi wake wa kwanza London. Gregory Maloba kutoka Kenya alipitia darasa la Trowell akawa mchongaji, na sanamu yake ya uhuru ya mwaka 1962 ingali imesimama Kampala. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisoma Makerere katika miaka ya 1950, akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, na amejulikana maisha yake yote kwa kuwaonya vijana wasinakili.

Ni haki pia kusema kwamba Trowell hakukosa lawama. Wachunguzi wa baadaye, wakiwemo wa Makerere kwenyewe, wamemkosoa kwa mtazamo wa kikoloni, hasa kwa imani yake kwamba yeye mgeni ndiye ajuaye sanaa ya Mwafrika inafaa iweje, na kipi mwanafunzi asionyeshwe ili asiharibike. Lawama hiyo ina uzito, nayo inatupa tahadhari. Mwalimu akimwambia mtoto afumbe macho, kisha akamtazamia aone kile tu ambacho mwalimu anakitaka, hapo hakuna ubunifu. Ni kunakili kwa njia nyingine.

Darasani leo

Suala hili si la makumbusho. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi, unaojulikana zaidi kwa ufupisho wa CBC, ulianza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019. Kusudi lake lilikuwa mtoto ajifunze kwa kutenda. Lakini wazazi wengi walilalamika kwamba kutenda kumegeuka kununua: leo manila, kesho rangi, keshokutwa picha za kuchapishwa dukani, na jioni mzazi ndiye anayekata na kubandika huku mtoto amelala. Kazi inarudi shuleni imependeza, na mtoto hajui ilitengenezwaje.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe mahali pa kufikiri na kutenda kwa pamoja. Palipokosekana fikra, somo hilo liligeuka kuwa jembe na kiboko tu. Palipokuwa na mwalimu mwenye mawazo, bustani ilikuwa maabara. Kifaa kilikuwa kilekile, jembe.

Na nje ya shule watoto wetu hawakungoja mtaala. Mwenye waya na vifuniko vya chupa ametengeneza gari lenye usukani. Mwenye matambara na kamba ametengeneza mpira. Tazama jinsi anavyoutunza mpira huo, jinsi anavyoufunga upya kila unapolegea. Huyu ndiye mtoto yule yule anayelaumiwa darasani kuwa mharibifu.

Somo la dakika 40

Tuseme basi uko katika darasa la tatu lenye watoto 60, na unazo karatasi 30 tu. Huu hapa mfano wa kipindi kinachofuata njia tuliyoieleza.

Kwanza, mikono mitupu. Vifaa vikae mezani kwako. Waambie watoto wafumbe macho kwa dakika mbili, nawe uwasimulie polepole njia ya kuja shuleni. Uko mlangoni kwenu. Mkono wa kushoto kuna nini? Nani anapita? Ardhi ni kavu au ina matope? Usijibu wewe. Acha kimya kidogo baada ya kila swali.

Pili, wachore hewani kwa kidole, au vumbini, kabla ya karatasi. Hapo makosa hayagharimu kitu.

Tatu, wachague. Kata kila karatasi vipande viwili. Weka pia makaa, chaki, mabua ya mahindi, majani makavu na vipande vya magazeti. Kila mtoto achukue vitu vitatu tu, na aseme kimoja kitamfaa kwa nini. Swali hilo dogo la kwa nini ndilo linalomfundisha kutofautisha kuhitaji na kutamani. Kipya kinyemi, na mtoto akiachiwa atachukua kila kinachong'aa.

Nne, kazi. Hakuna karatasi ya pili. Anayekosea asaidiwe kuuliza: kosa hili laweza kuwa nini?

Tano, hesabu. Watoto wenyewe wahesabu mikasi, wafunge gundi, watenge mabaki yanayofaa kesho na yale ya kutupwa. Kundi moja liwe na zamu wiki nzima, ili utunzaji uwe kazi ya heshima, si adhabu ya mchelewaji.

Sita, hukumu. Kila mtoto atazame kazi yake na amwambie jirani: nilipofumba macho niliona hiki, na hapa kimetokea, au hakijatokea.

Ziko tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya usalama. Kutumia vitu vilivyotupwa ni jambo jema, lakini si kila takataka ni kifaa. Chupa za dawa za wadudu, betri zilizokwisha, mabomba ya sindano na makopo yenye kingo kali yasiingie darasani kabisa. Ya pili ni kwamba si watu wote huona picha wafumbapo macho. Mwaka 2015 wanasayansi wa Uingereza waliipa jina hali ya watu wasioweza kuona taswira akilini, nao ni watu wenye akili timamu. Mtoto akisema haoni kitu, si mkaidi. Mwambie asimulie kwa maneno, au ashike kitu chenyewe na kukipapasa. Muhimu ni kusudi litangulie, lije kwa mlango wowote.

Na pasiwepo wa kuyageuza maneno haya kuwa kisingizio. Watoto 60 kwa karatasi 30 si jambo la kujivunia. Serikali na halmashauri bado zina deni la vitabu, madawati na rangi. Richardson na Trowell hawakuonyesha kwamba vifaa si kitu. Walionyesha kwamba vifaa vikija bila fikra, vitaisha au vitaoza. Mwalimu anayejua hilo ana hoja yenye nguvu zaidi anapokwenda kuomba, kwa sababu anaweza kuonyesha kila karatasi ilifanya kazi gani.

Mpenzi msikilizaji, katika jengo la matofali mekundu kule Birmingham vijana waliambiwa wafumbe macho ili wajue walichokiona. Barazani Kampala vijana wengine walisikiliza kisa kabla ya kupewa brashi. Baina yao ulikuwako umbali wa bahari na tofauti kubwa ya mamlaka, lakini zoezi halikuhitaji nauli wala umeme. Kesho asubuhi laweza kufanyika Tandale, Kibera, Bukavu au Muscat, kwa dakika mbili za kimya.